Jeni moja huzimwaje katika aina moja tu ya seli za ubongo wa panya?

MwalimuAhero (Kisumu):

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Baiolojia katika shule moja ya upili ya kutwa karibu na Ahero, na juma hili nimekwama mbele ya darasa. Tulikuwa tunamaliza mada ya jenetiki katika Kidato cha Nne. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kama ninavyoandika kila mwaka, kwamba seli za mwili zenye kiini hubeba jeni zilezile, na kwamba kinachoitofautisha seli ya ini na seli ya ubongo ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Binti mmoja anayeketi karibu na dirisha akainua mkono. Mdogo wake amekuwa akianguka kifafa tangu alipokuwa na miezi sita, na binti huyu husoma katika simu ya mama yake chochote anachokipata kuhusu ubongo. Alisema amesoma kwamba watafiti waliiondoa jeni moja katika seli za ubongo wa panya ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine, wakaiacha jeni hiyohiyo salama katika seli jirani, na panya hao wakapata kifafa. Kisha akauliza: "Mwalimu, ikiwa jeni hiyo imo katika kila seli, na seli zenyewe zimechanganyikana kama mchele na ndengu katika sufuria moja, aliyeiondoa alijuaje ni ndengu zipi za kugusa?"

Nilimwambia nitamjibu Jumatatu, kwa sababu sikutaka kumpa jibu la kubahatisha mtoto ambaye jambo hili limo nyumbani kwao.

Ninafahamu kwamba panya wa kwanza waliozimwa jeni kwa makusudi walitangazwa mwaka 1989, na kwamba Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kazi iliyowezesha jambo hilo. Ninachokifahamu, hata hivyo, ni kuizima jeni katika mwili mzima. Sielewi jinsi aina moja ya seli inavyoteuliwa katikati ya mamilioni. Sielewi pia kwa nini watafiti wajisumbue hivyo badala ya kuiondoa jeni kila mahali na kutazama matokeo. Na tena, jeni ikishaondolewa leo, je, kazi yake hukoma leo? Nitashukuru kwa maelezo ninayoweza kuyapeleka darasani bila kuyapunguza ukweli.

MtafitiNjoro (Nakuru):

Mwalimu, pokea salamu kutoka Njoro. Kabla sijarudi nyumbani, nilifanya kazi kwa miaka mitatu ya kuzalisha na kupima panya wa aina hii katika maabara moja ng'ambo, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoifanya kwa mikono yangu. Kiswahili humwita panya yule wa ghalani na huyu mdogo pia. Hapa ninamzungumzia mdogo, ambaye akikomaa huwa na uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi.

Tafuta uzi na shanga. Mwambie kila mwanafunzi atunge shanga nyeupe ishirini, na mahali fulani katikati aingize shanga mbili nyekundu zilizotenganishwa na nyeupe tano. Uzi huo ni DNA. Nyeupe tano zilizo kati ya nyekundu ni kipande cha jeni ambacho bila hicho jeni haifai kitu. Kila shanga nyekundu ni mfuatano uitwao loxP, wenye herufi 34 tu za DNA: herufi 13 upande mmoja, herufi 13 upande wa pili zikiwa kama taswira ya zile za kwanza katika kioo, na herufi 8 katikati zinazoupa mfuatano huo mwelekeo. Sasa anakuja mkataji, kimeng'enya kiitwacho Cre. Cre huzishika shanga mbili nyekundu, huzikutanisha, hukata na kuunga papo hapo. Nyeupe tano hutoka zikiwa zimefungwa kama pete ndogo pamoja na nyekundu moja, na uzi mkuu hubaki mzima, mfupi kidogo, ukiwa na nyekundu moja iliyosalia. Mwelekeo niliousema una maana kubwa, kwa sababu loxP mbili zikielekea upande mmoja kipande hutolewa, lakini zikitazamana kipande hugeuzwa tu kichwa chini miguu juu na kubaki palepale.

Kimeng'enya hiki hakikubuniwa na mtu. Ni mali ya P1, kirusi kinachoishi ndani ya bakteria. Mwaka 1988 Brian Sauer na Nancy Henderson walionyesha kwamba kinafanya kazi hata ndani ya seli za mamalia, na mwaka 1994 kundi la Klaus Rajewsky huko Ujerumani likakitumia kuondoa jeni katika seli T za kinga za panya, huku seli nyingine zikibaki nayo. Hapo mlango ukawa umefunguka, na watu wa ubongo hawakukawia kuuingia.

Sasa tuje kwenye mchele na ndengu. Watafiti huwa na koo mbili za panya. Katika ukoo wa kwanza, jeni inayochunguzwa imezungushiwa loxP katika kila seli ya mwili. LoxP hizo huwekwa katika sehemu za jeni zisizosomwa kuwa protini, ndiyo maana panya huyu hukua na kuzaa kama wenzake. Katika ukoo wa pili, panya amepewa jeni ya Cre, lakini jeni hiyo imeunganishwa na swichi ya jeni nyingine ambayo huwashwa katika aina moja tu ya seli. Swichi hiyo ndiyo promota. Chukua mfano wa parvalbumini, protini inayotengenezwa na baadhi ya seli za kutuliza ubongoni. Seli ya namna hiyo huiwasha jeni ya parvalbumini kwa haja zake yenyewe, tangu zamani, bila kujali mtafiti anataka nini. Cre ikiwa imedandia swichi hiyohiyo, basi kila seli inayotengeneza parvalbumini italazimika kutengeneza Cre pia, na Cre itakata. Seli jirani, hata kama zimegusana utando kwa utando, haiwashi swichi ile, haina Cre, na loxP zake mbili hukaa bila kuguswa maisha yote. Mwambie binti huyo kwamba mtafiti hazisaki ndengu ndani ya sufuria; huweka kisu mahali ambapo ni ndengu pekee huwa na desturi ya kufungua mkono.

Ni somo zuri la jedwali la Punnett vilevile. Ukimpandisha panya mwenye loxP katika nakala zote mbili kwa panya mwenye nakala moja ya Cre, watoto wote watapata loxP katika nakala moja, na nusu yao watapata Cre. Hao wenye vyote viwili hawatoshi bado, kwa kuwa nakala ya pili ya jeni iko salama na yaweza kuifidia. Unampandisha mmoja wao tena kwa panya mwenye loxP katika nakala zote mbili, na katika kizazi hicho, kwa wastani, mtoto mmoja kati ya wanne ndiye unayemtafuta. Mimba ya panya ni siku 20 hivi, watoto huachishwa kunyonya wakiwa na siku 21, na huanza kuzaa wakiwa na wiki sita hadi nane. Piga hesabu na wanafunzi wako waone ni miezi mingapi hupita kabla jaribio halijaanza.

Kuhusu swali lako la pili, jeni nyingi za ubongo zikiondolewa mwili mzima, panya hufa kabla hujamuuliza chochote. Kipokezi cha NMDA, protini iliyo juu ya seli za neva ambayo hupokea ishara ya kemikali kutoka seli jirani, ni mfano unaofahamika. Panya wasio na sehemu yake iitwayo NR1 hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kipokezi hicho kina kazi gani katika kumbukumbu za panya mzima. Mwaka 1996 Joe Tsien, Susumu Tonegawa na wenzao waliiondoa NR1 hasa katika eneo dogo, liitwalo CA1, la hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wakitumia swichi ya jeni ya CaMKII, ambayo huwashwa baada ya panya kuzaliwa. Panya hao waliishi na kukua. Walipotiwa katika beseni la maji yaliyofanywa yasionyeshe chini, ambamo kulikuwa na jukwaa dogo lililozama kidogo, walishindwa kukariri jukwaa lilipo, ilhali wenzao walijifunza baada ya kurudia mara kadhaa. Miunganiko ya seli zao za CA1 haikuimarika ilipochochewa. Jaribio moja likawa limeunganisha kipokezi, mahali na kumbukumbu ya njia, jambo lisilowezekana kwa panya aliyekwisha kufa.

Swali la tatu ni la mtu aliyefikiri vizuri. Kazi ya jeni haikomi siku ileile. Cre ikishakata, maagizo mapya hayaandikwi, lakini RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, iliyokwisha kuandikwa na protini iliyokwisha kutengenezwa hubaki hadi zivunjwe, na protini nyingine ndani ya seli za neva hudumu kwa muda mrefu. Anayeandika kwamba jeni imezimwa bila kuipima protini yenyewe anasema zaidi ya anachokijua.

AfisaKlinikiKakamega:

Mwalimu, mimi ni afisa wa kliniki huku Kakamega na ninahudumia watoto wenye kifafa. Nimeandika kwa sababu ninaamini ninaijua jeni ambayo binti huyo aliisoma habari zake, au angalau inafanana sana na ninayoijua, nayo ni SCN1A.

Jeni hii hutoa maagizo ya mlango wa sodiamu uitwao Nav1.1, ambao huiwezesha seli ya neva kurusha ishara ya umeme. Mtoto anapozaliwa na nakala moja mbovu, mara nyingi hupata ugonjwa ulioelezwa na daktari Mfaransa Charlotte Dravet mwaka 1978, na uhusiano wake na jeni hii ukabainishwa mwaka 2001. Huanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, mara nyingi mtoto akiwa na homa. Ninaomba wasomaji wa kanda hii walizingatie jambo hilo. Kwetu, mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria kwanza, na ni sahihi kabisa apimwe, kwa sababu malaria huua upesi. Lakini mtoto ambaye degedege zake ni ndefu, zinajirudia, wakati mwingine zikishika upande mmoja wa mwili, na ambaye hupatwa hata pale vipimo vya malaria vinapoonyesha hana, anastahili kufikishwa kwa daktari wa watoto au wa neva badala ya kurudishwa nyumbani kila mara na maelezo yaleyale.

Kwa muda mrefu palikuwa na fumbo. Mlango wa sodiamu ukipungua, seli hurusha ishara kidogo, na kwa akili ya kawaida ubongo ungepaswa kutulia. Inakuwaje basi mtoto apate kifafa kikali hivyo? Kundi la William Catterall huko Seattle lilionyesha mwaka 2006 kwamba katika panya wenye kasoro hii zinazodhoofika zaidi ni seli za kutuliza, zile zinazotumia kemikali ya GABA. Ukimtoa mwenye kushika breki, gari litakwenda mbio hata kama injini haijaongezewa nguvu. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilitumia njia aliyoieleza ndugu wa Njoro: waliondoa nakala moja ya Scn1a katika seli za kutuliza za ubongo wa mbele peke yake, wakaacha za kusisimua. Panya hao walipata kifafa, nacho kilichochewa na joto la mwili kupanda, kama tunavyoona kwa watoto. Mwaka uliofuata watafiti wa Japani wakaonyesha upande wa pili: jeni ilipopunguzwa katika seli za kusisimua pamoja na zile za kutuliza, vifo vya ghafla vya panya vilipungua. Jeni ni moja, ubongo ni mmoja, na matokeo yanapishana kwa kutegemea seli. Panya aliyeondolewa jeni mwili mzima asingeweza kulionyesha hilo.

Hili limenigusa katika kazi yangu. Karbamazepini ni dawa ya kifafa inayotumika sana, na inawasaidia wagonjwa wengi. Hufanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, ambaye seli zake za kutuliza tayari zina milango michache, dawa hiyo huweza kuzidisha kifafa. Niliwahi kumhudumia mtoto ambaye kila kipimo cha dawa kilipoongezwa mama yake alirudi akisema ameanguka mara nyingi zaidi, na tulichelewa kumsikiliza kwa sababu daftari lilisema dawa ni sahihi kwa kifafa. Ninayaandika haya kwa uangalifu: mtu yeyote asimwachishe mtoto wake dawa kwa kuyasoma haya. Kuacha dawa ya kifafa ghafla huweza kuleta mshtuko usiokoma, na mabadiliko yote yafanywe na daktari anayemjua mtoto. Tena si kila kifafa kinachoanza katika miezi sita ni cha Dravet. Sijamwona mdogo wa binti huyo na siwezi kusema ana nini. Ila mama yake aandike tarehe, muda wa kila mshtuko, na kama palikuwa na homa, kisha alichukue daftari hilo kliniki.

UzamiliMaseno:

Shikamooni wakubwa. Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya seli. Je, njia hii ya Cre na loxP haijapitwa na wakati tangu CRISPR, ile njia mpya ya kukata DNA, ilipokuja? Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata Nobel mwaka 2020, na mwalimu wangu mmoja hutuambia kwamba siku hizi mtu huweza kuikata jeni yoyote kwa kuandika mfuatano mfupi wa RNA. Kuna haja gani ya kuzalisha vizazi viwili vya panya? Pia ninaona katika makala majina kama Nestin-Cre, Synapsin-Cre, GFAP-Cre. Je, jina linatosha kuniambia ni seli zipi zimeguswa?

MtafitiNjoro (Nakuru):

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu hilo lilinigharimu.

Jina halitoshi. Katika maabara niliyofanyia kazi tulikuwa na panya wa Synapsin-Cre, na sinapsini ni protini ya seli za neva, kwa hiyo kila mtu alichukulia kwamba jeni yetu itaondolewa katika seli za neva na kwingineko itabaki. Kila mtoto alipofikisha wiki tatu nilimtoboa sikio kwa koleo ndogo. Kitundu kilikuwa alama ya kumtambua, na kijipande cha ngozi, kidogo kuliko punje ya ulezi, kilitosha kwa kipimo cha PCR, ambacho hunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Katika jeli, nakala ya kawaida huonyesha mstari wa chini, na nakala yenye loxP huonyesha mstari ulio juu yake kidogo, kwa kuwa herufi zilizoongezwa huifanya ndefu zaidi. Nilisoma mistari hiyo miwili kwa miezi na kujaza daftari. Kipimo chetu hakikuwa kimepangwa kuutafuta mstari wa tatu, ule wa nakala iliyokwisha kukatwa, kwa sababu ni nani angeutafuta sikioni?

Siku moja mwenzangu aliongeza vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR mahali pa kunakili, vya kuutambua mstari huo ili apime vipande vya ubongo, na akaweka sampuli za masikio kando kwa ajili ya ulinganisho. Sampuli kadhaa za masikio zilikuwa na mstari wa tatu. Jeni ilikuwa imekatwa katika ngozi. Tulipofuatilia vitabu vya uzazi, watoto wote hao walikuwa na baba aliyebeba Cre na loxP pamoja. Waliopata Cre kwa mama hawakuwa na tatizo hilo. Swichi ya sinapsini huwashwa katika korodani pia, kwa hiyo Cre ilikuwa imekata jeni katika mbegu za kiume, na mtoto akazaliwa nayo ikiwa imekatwa katika kila seli ya mwili. Tulikuwa tumewaita panya wa seli za neva pekee, kumbe sehemu yao walikuwa wamepoteza nakala moja mwili mzima. Jambo hilo lilikuwa limechapishwa tangu mwaka 2006, wala hatukulisoma. Miezi saba ya vipimo vya tabia tuliitupa, na panya waliokuwa wameishi na kufa kwa ajili ya vipimo hivyo hawakutupa jibu lolote. Hilo la panya ndilo lililoniuma zaidi.

GFAP-Cre ina shida ya namna nyingine. GFAP ni protini ya astrositi, seli za ubongo zinazozisaidia seli za neva, lakini huwashwa pia katika seli shina ambazo huzaa seli za neva. Cre ikikata katika seli shina mara moja, watoto wake wote hurithi mkato huo, hata wale ambao hawatawahi kuiwasha GFAP maishani mwao. Mkato hausahauliki, ndiyo maana inafaa kuuliza swichi iliwahi kuwaka wapi tangu kiinitete, zaidi ya kuuliza inawaka wapi leo. Nestin-Cre nayo huanza mapema, panya akiwa bado tumboni, na hugusa karibu ubongo wote. Isitoshe, panya wenye Nestin-Cre peke yake, bila loxP yoyote, huwa wadogo kuliko ndugu zao. Mtu asipokuwa na kundi la ulinganisho lenye Cre bila loxP, ataisingizia jeni yake wembamba ambao umeletwa na Cre.

Kuna tiba ya sehemu kwa mambo haya. Cre huweza kuunganishwa na kipande cha kipokezi cha estrojeni kilichobadilishwa, na hapo hubaki nje ya kiini hadi panya apewe dawa ya tamoksifeni. Mtafiti huchagua seli kwa swichi, na huchagua siku kwa dawa. Kisha kuna panya wa kushuhudia, ambao wamepewa jeni ya protini nyekundu ing'aayo iliyozuiwa na kizuizi chenye loxP pande zote mbili. Cre ikipita, kizuizi hutoka na seli hung'aa. Unaukata ubongo vipande vyembamba, unauweka chini ya hadubini, na unaona kwa macho yako seli zipi zimeguswa. Mtu asiyefanya hivyo kabla ya kuanza vipimo, mimi simwamini, hata awe na jina kubwa. Hata hivyo, shahidi naye ana mipaka yake, kwa maana loxP zake huenda zikakatwa kwa urahisi kuliko zile za jeni yako.

Kuhusu CRISPR, siioni kama mshindani. Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA katika CRISPR, ile inayotumika zaidi ina asidi amino 1,368, yaani herufi 4,104 za DNA kabla ya kuongeza swichi, na kirusi cha AAV tunachokitumia kupeleka jeni ubongoni hubeba herufi 4,700 hivi tu. Cre ina asidi amino 343, herufi 1,029, na huingia humo na nafasi ikabaki. Tena Cas9 hukata DNA na kuiachia seli iunge inavyojua. Seli moja hupoteza herufi mbili, nyingine tatu, nyingine huunga sawasawa na jeni ikapona, hivyo ubongo mmoja huwa na seli za hali mbalimbali. Cre hukata palepale kila mara. Maabara nyingi siku hizi hutumia CRISPR katika yai lililorutubishwa ili kuingiza loxP, kazi iliyokuwa ikichukua zaidi ya mwaka kwa njia ya seli shina za kiinitete, kisha Cre humalizia.

MwalimuAhero (Kisumu):

Ninawashukuru nyote kwa dhati, na Afisa wa Kakamega kwa namna ya pekee. Nilimwita binti na mama yake baada ya masomo, nikawasomea ile sehemu ya maelezo yake kuhusu daftari la tarehe na homa. Mama alikuwa akiandika tarehe tangu zamani nyuma ya kalenda ya ukutani, ila hakuwahi kuipeleka kliniki kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Wiki ijayo ataipeleka.

Somo la shanga lilichukua vipindi viwili. Wanafunzi walikata na kuunga, na kundi moja lililofunga nyekundu zikitazamana liligundua lenyewe, kabla sijasema, kwamba hakuna kinachotoka. Binti yule alibaki ameishika ile pete ndogo ya nyeupe tano na nyekundu moja, akaniuliza inakwenda wapi, na kama haiwezi kurudi ilikotoka, kwa kuwa ina loxP na uzi pia una loxP. Naomba msaada tena.

MtafitiNjoro (Nakuru):

Ameona sawasawa. Kwa kanuni, Cre huweza kuirudisha pete kwenye uzi, kwa sababu kitendo chake kinakwenda pande zote mbili. Lakini loxP mbili zilizo katika uzi mmoja hukutana kwa urahisi, ilhali pete ikishaachana na uzi huelea mbali ndani ya kiini, na kukutana tena ni kwa nadra. Hata ikirudi, Cre iliyopo huitoa tena. Katika seli zinazogawanyika, pete haina mahali pa kuanzia kunakiliwa, kwa hiyo hupotea kadiri seli zinavyoongezeka. Seli nyingi za neva hazigawanyiki, na ndani yao pete huweza kudumu kwa muda, lakini haina madhara kwa jaribio kwa kuwa imebeba kipande tu cha jeni, bila swichi na bila sehemu zilizobaki. Mwambie azihesabu tena shanga zilizo ndani ya pete, kisha azilinganishe na uzi wote aliotunga mwanzoni. Ataona mwenyewe kwamba hazitoshi kusomeka.